Unyevu kwenye Ukuta wa Mkunga

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na kama kawaida kila mtu amegundua leo hiihii kwamba nyumba yake inavuja. Nimeitwa mara nne kabla sijamaliza chai. Watatu shida yao ni bati, na mimi si fundi wa bati, mimi ni fundi bomba. Wa nne, koki yake ya jikoni inadondosha tangu mwaka jana. Alingoja maji yateremke kutoka mbinguni ndipo yale ya jikoni yamkere.

Daftari hili amenipa mume wangu. Yeye ni fundi cherehani na alikuwa anaandikia vipimo vya wateja; kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu. Amesema, "Andika humu hayo mambo yako, mke wangu. Nikiwa naunga mikono ya koti siwezi kusikiliza habari za choo." Haya, naandika.

Jumatano, 4 Machi

Kazi tunafanya wawili, mimi na Baba, ambaye tunaishi naye. Yeye ndiye aliyenifundisha. Ana miaka arobaini katika ufundi huu, na mtaani kwetu ni vigumu kunawa uso kwa maji ambayo hayakupita kwenye bomba alilolifunga yeye. Watu wakimwita wanasema "Fundi." Wakiniita mimi wanasema "binti wa Fundi." Nina miaka arobaini na miwili, na jino moja la dhahabu, na bado ni binti wa Fundi.

Leo tulikuwa kwa mwenye duka la dawa, tangi la choo halijazi. Baba mikono inamtetemeka siku hizi. Nati ilimtoka mara ya kwanza, ikamtoka mara ya pili, mara ya tatu ikaingia chooni, tukaisikia ikilia mle ndani kama kengele. Mwenye nyumba akacheka. Baba naye akacheka, akasema, "Imeamua kuoga." Mimi sikucheka. Nilimpokonya spana mkononi, mbele ya yule mama, nikamaliza mwenyewe.

Njiani alitangulia hatua kumi mbele yangu.

Ijumaa, 6 Machi

Nimebadilisha washa mbili, vile vipira vya ndani ya koki, nikazibua sinki moja lililoziba kwa nywele. Mvua.

Jumanne, 10 Machi

Ameniita Mkunga. Huyu mama ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, mimi na nusu ya mtaa, ndiyo maana hakuna anayemwita kwa jina lake. Amestaafu zamani, lakini akikutazama bado unajikuta umenyoosha mgongo.

Mume wake tunamwita Refa, kwa sababu alichezesha mpira ujana wake wote. Sasa yuko kitandani, mwaka wa pili huu, kifua. Kila alasiri Baba humpitia, anaketi kwenye kigoda karibu na kitanda, wanabishana juu ya penalti zilizopigwa kabla mimi sijazaliwa. Refa akizidiwa hoja huinua mkono mtupu juu, ndiyo kadi nyekundu, na Baba hulazimika kutoka hadi mlangoni na kurudi.

Ukuta wa upande wa kitanda umelowa. Rangi imevimba mapovu, na chini karibu na sakafu kuna ukungu mweusi. Chumba kinanuka nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Nilitoka nje nikapanda ngazi, nikakuta mfereji wa bati umeachana na ukuta. Nikaukaza. Nikamwambia Mkunga, "Ni mvua tu, Mama. Utakauka."

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 12 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Jana haikunyesha, na leo haikunyesha, na ukuta wa Mkunga umezidi kulowa. Mkunga akatuma watu twende wote wawili. Baba akafunga koki zote za nyumba, jikoni, bafuni, uani, kisha tukaenda kwenye mita tukainama. Mle ndani ya kioo kuna kigurudumu chekundu kidogo kama mbegu ya pilipili. Koki zote zimefungwa, na bado kilikuwa kinatambaa polepole. Maji yalikuwa yanakwenda mahali.

Tukaingia chumbani. Baba akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka ukutani, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Alihama hatua kwa hatua kando ya kitanda. Refa alijitahidi asikohoe. Mkunga alisimama mlangoni na binti yao, yule anayefundisha shule ya msingi. Mwisho Baba akapiga goti, akaweka kidole juu kidogo ya sakafu.

"Hapa," akasema.

Nyuma ya ukuta ule ni bafu. Miaka miwili iliyopita walitaka sinki jipya bafuni, na sisi ndio tuliohamisha bomba tukalipitisha mle ukutani.

Mkunga akasema, "Si ninyi mliofunga hapo?"

Refa akashindwa kujizuia, akakohoa, kikohozi kirefu kinachomkunja mtu kama karatasi. Binti yake akamshika mgongo, akatutazama.

"Ina maana baba yangu amelala na maji ubavuni muda wote huu?"

Ndipo nikasema. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema, "Kiungo hicho alikifunga Baba. Mikono yake mnaiona wenyewe. Nimemwambia mara nyingi apumzike, hasikii."

Sikuwahi kumwambia. Hata mara moja.

Baba aliitazama mikono yake, huku na huku, kama mtu anayekagua kitu cha kuazima. "Inawezekana," akasema. "Sikumbuki, lakini inawezekana."

Refa akasema kutoka kitandani, kwa sauti iliyokwisha pumzi, "Hata refa hukosea. Ndiyo maana kuna washika vibendera."

Mkunga alisema ukuta hautavunjwa leo, mgonjwa asivute vumbi kwenye kifua kile. Kwa hiyo nilifunga valvu ya maji ya bafu, wawe wanabeba maji kwa ndoo kutoka uani mpaka wapate pa kumhamishia mzee. Nilipogeuka, Baba alikuwa ameuweka mfuko wa vifaa miguuni pangu na ameshatoka. Hakumuaga Refa.

Nyumbani aliniambia neno moja tu. "Umenisema mbele za watu."

"Nimesema kweli, Baba."

"Kweli nayo ina pa kusemewa."

Jumamosi, 14 Machi

Baba hakutoka chumbani.

Jumanne, 17 Machi

Nimefanya kazi peke yangu siku ya tatu. Kila nyumba wananiuliza, "Mzee yuko wapi?" Nawajibu, "Anapumzika. Mikono." Mara ya kwanza neno lilinikwama kooni. Mara ya tatu lilishuka kama uji.

Pale kiwanda cha sabuni msimamizi alipaza sauti uani: "Fundi amekuja, mfungulieni!" Nikageuka nyuma nimtafute Baba. Kumbe mimi.

Nilifurahi. Siwezi kusema sikufurahi.

Jumapili, 22 Machi

Mvua kutwa. Mume wangu ameshona pazia, mimi nimelala.

Jumanne, 24 Machi

Binti wa Refa alipita akanikuta barabarani na ngazi begani. Baba yake anauliza mbona mwenzake haji, ana hoja mpya juu ya ile penalti.

Nilimfikishia Baba wakati wa chakula. Hakuinua macho. "Nikakae pale kwenye kigoda," akasema, "nimsikilize akikohoa kikohozi nilichompa mimi? Nitaangalia wapi?"

"Daktari alisema kifua kilianza kabla ya ukuta."

"Na ukuta ulikiponya?"

Alisukuma sahani akatoka. Hakula.

Ijumaa, 27 Machi

Nilikuwa kwa seremala kubadilisha koki ya bafuni. Bomba la pale alilifunga Baba mwaka uleule wa kazi ya Mkunga. Sikuitwa kulikagua, lakini nilijipa sababu, nikalifungua. Kavu. Meno ya kiungo yamekaa, tepu imebana vizuri, hakuna hata doa la kutu. Nikalifunga tena.

Jumanne, 31 Machi

Kazi mbili zaidi za Baba, kwa muuza vitabu na kwa mama wa nyumba ya ghorofa. Kavu kau. Ile ya ghorofa ilikuwa nzuri hivi kwamba nilikaa chini nikaitazama.

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nilitaka kuona tone. Nilipokuwa nazungusha spana moyo wangu ulikuwa unaomba tone moja tu.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua kubwa, barabara imekuwa mto. Hakuna kazi.

Jumatano, 8 Aprili

Baba anashinda kibandani kwa mume wangu. Nilidhani wanazungumza. Leo nilipita kumchukua mume wangu, nikamkuta Baba na kopo la vifungo mapajani. Alikuwa anavichambua kwa rangi, vyeupe huku, vyeusi huku, vya kahawia kwenye kifuniko. Vikimponyoka anainama chini ya meza kuvitafuta, anakaa huko muda.

Mume wangu alinisindikiza nje. Ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia sauti, na leo pia hakuinua. "Mke wangu, sikuhitaji mtu wa vifungo," akasema. "Kila jioni nikifunga navimwaga vyote kwenye kopo navichanganya tena, ili kesho apate cha kufanya."

Jumapili, 12 Aprili

Habari kutoka kwa Mkunga. Wamepata kitanda chembamba, Refa wamemhamishia sebuleni. Nivunje ukuta Jumanne.

Jumanne, 14 Aprili

Nilifika saa mbili. Sebuleni Refa alikuwa amelala uso kuelekea dirishani, amekonda, mashavu yameingia ndani. "Umekuja na mzee?" akauliza. Nikasema yuko na kazi. Akafumba macho.

Nilitandika gunia, nikafunga mlango wa chumba vumbi lisipite, nikapasua pale ambapo Baba aliweka kidole. Plasta ilitoka kwa mkono, laini kama mkate uliolowekwa. Tofali mbili nyuma yake nikakiona kiungo, kona ya chuma, ina kutu na chumvi nyeupe pembeni. Baba hakukosea hata upana wa kiganja.

Nilifungua polepole. Bomba likatoka na tepu yake, ile tepu nyeupe tunayozungusha kwenye meno ili maji yasipite. Ilikuwa imejifunua, imejikusanya nyuma kama soksi iliyoshuka mguuni.

Nikakaa chini kwenye vifusi.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Tangu siku ya kwanza Baba alikuwa ananishika kifundo cha mkono na kuniambia, "Zungusha kufuata meno, mwanangu, si kufuata mkono wako." Mtu wa kushoto akijisahau, anaizungusha tepu kinyume. Kiungo kikikazwa, badala ya tepu kubana, inajifunua. Inashika hivyohivyo kwa muda, mwezi, miezi, hata mwaka na zaidi. Halafu kinaanza kutoa jasho.

Tepu ile ilikuwa imezungushwa kinyume. Baba ni mtu wa kulia.

Na nikakumbuka. Siku ile saruji ilituishia, Baba akaenda kununua. Mimi nilitaka tumalize mapema, nikaingiza mkono ukutani nikafunga mwenyewe. Baba aliporudi aliniuliza, "Umekaza?" Nikasema, "Nimekaza." Akaamini, akapiga plasta juu.

Sijui nilikaa pale muda gani. Kisha nilifanya kazi. Nilisugua meno, nikazungusha tepu mpya kufuata meno, nikakaza, nikafungua valvu, nikaenda kwenye mita. Kigurudumu chekundu kilikuwa kimesimama kimya. Nikarudi nikapiga plasta. Ile tepu ya zamani nikaitia mfukoni.

Mkunga aliniletea maji ya kunawa. "Ilikuwa nini hasa?"

"Tepu, Mama. Ilifungwa vibaya."

Akatikisa kichwa. "Maskini baba yako. Uzee haubishi hodi."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilinawa, nikakunja gunia, nikaaga.

Jumatano, 15 Aprili

Nitamwambia Baba kesho.

Alhamisi, 16 Aprili

Sikumwambia. Alikuwa na mafua.

Ijumaa, 17 Aprili

Tangi la shule. Mwalimu mkuu ananisifu mbele ya walimu: "Huyu kamshinda baba yake." Nikasema asante.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimevunja kikombe. Nimemkaripia mume wangu kwa ajili ya kikombe nilichokivunja mimi.

Jumatano, 22 Aprili

Refa alipelekwa hospitali juzi, wamemrudisha leo. Wakirudisha haraka hivi, ni ama mtu amepona au hakuna la kufanya. Hajapona.

Baba alisikia habari akiwa na kopo la vifungo. Alivaa viatu akatoka, nikamfuata kwa mbali. Alikwenda hadi kona ya nyumba ya Mkunga. Akasimama pale kwenye mvua, mwavuli umefungwa mkononi, hakuukumbuka. Alisimama kiasi cha kuchemsha birika la chai, halafu akageuka. Nilijificha nyuma ya ukuta wa duka, mtu mzima mimi, ili baba yangu asinione.

Ijumaa, 24 Aprili

Mkunga amekuja mwenyewe, kwa miguu, na magoti yale. Baba hakuwepo. Hakutaka hata kukaa.

"Mwambie baba yako," akasema, "simlaumu. Nilikuwa na hasira siku ile, mgonjwa anachosha. Mwambie nimemsamehe, na mwenzake amemsamehe, aje tu. Refa hana siku nyingi na anamtaka rafiki yake. Utamwambia?"

"Nitamwambia, Mama."

"Hivihivi nilivyosema?"

"Hivihivi."

Akanishika shavu. Mkono ule ndio wa kwanza kunigusa duniani. Nilitamani unizabe kofi.

Jumamosi, 25 Aprili

Baba alikuwa uani asubuhi, anafunga kamba ya viatu. Nikamwambia, "Mkunga alikuja jana. Amesema amekusamehe. Na Refa amekusamehe. Wanakuomba uende."

Sijawahi kuuona uso wake ukibadilika vile. Aliinuka haraka mpaka akayumba. "Amesema hivyo? Kwa kinywa chake?" Akaingia ndani akatoka na shati lake la mikono mirefu, akawa anahangaika na vifungo, havishiki, vidole vinakwepa. "Nitampigia magoti," akasema. "Nitamwambia mzee mwenzangu, mikono yangu imeniaibisha, lakini moyo..."

Ningeweza kunyamaza. Kila kitu kingekwenda. Angekwenda, wangekumbatiana, na hakuna mtu duniani angejua. Nililifikiria hilo, naliandika hapa, nililifikiria kwa muda wa vifungo viwili.

Nikamshika mikono. "Baba, usiombe radhi. Kiungo ni changu. Tepu ilizungushwa kishoto. Wewe ulikwenda kununua saruji, mimi ndiye niliyefunga."

Alinitazama kama nimesema kwa lugha ya wageni. Nikatoa tepu mfukoni, ilikuwa bado mle kwenye suruali ya kazi. Akaichukua, akainyoosha, akaigeuza kwenye mwanga. Hahitaji miwani kwa vitu hivyo.

"Umejua lini?"

"Nilipovunja ukuta. Tarehe kumi na nne."

Akahesabu kwa vidole, na vidole vinatetemeka, ikabidi aanze upya. "Siku kumi na moja," akasema. "Ulikuwa unaniona nachambua vifungo. Siku kumi na moja."

"Ndiyo, Baba."

"Na jana Mkunga anakupa msamaha uniletee, ukaupokea."

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga. Hajanipiga tangu nikiwa na miaka tisa. Alikaa kwenye ngazi, akainamisha kichwa. Nikasikia sauti, nikajua analia, na alilia kwa hasira, akijipiga goti kwa ngumi. "Mwenzangu anakufa," alikuwa anasema. "Mwenzangu anakufa na mimi nimemkimbia."

Mume wangu alitoka ndani, akatuona, akaelewa au hakuelewa. Alipiga goti mbele ya mkwe wake akamfunga vile vifungo vilivyobaki, kimya, kama anavyomfunga mteja. "Haya, Baba," akasema. "Shati tayari."

Baba akasimama. Akaniambia, "Tangulia wewe. Ulisema pale, utasema palepale."

Tulikwenda. Refa alikuwa sebuleni, Mkunga anamnywesha maji kwa kijiko, binti yao anasahihisha madaftari. Baba alibaki kwenye kizingiti, hakuingia, akaningoja. Nikasema mbele yao wote watatu. Nilisema kiungo nilikifunga mimi. Nilisema sikuwahi kumwambia Baba apumzike, nilizua palepale. Nilisema niligundua siku nilipokuwa natengeneza, na Mkunga aliponiambia maskini baba yako, nikaitikia ndiyo. Hapo sauti ikanikatika, nikaimaliza hivyohivyo.

Mkunga aliweka kijiko chini. Binti yao aliacha kalamu ikabingirika.

Refa ndiye aliyetangulia. Alitoa mkono chini ya shuka, polepole, mfupa mtupu, akauinua juu kunielekea. Kadi nyekundu.

Nikatoka. Nilipopishana na Baba mlangoni hakunitazama, alikuwa anaingia. Nyuma yangu nikasikia kigoda kikivutwa, na sauti ya Refa: "Ulikuwa wapi, mshenzi wewe? Ile penalti ilikuwa nje ya boksi."

Mkunga alinifuata uani. Nilisubiri anene maneno ya kunifariji, kama mama. Hakuyanena. "Mimi nimesema kwa watu," akaniambia. "Nimemwambia jirani, nimewaambia wanawake dukani, kila aliyekuja kumwona mgonjwa nimemwambia mzee yule mikono imekwisha, msimwite. Umenifanya mwongo uzeeni, wewe niliyekupokea kwa mikono hii. Sasa utapita uniondolee uongo huo."

"Nitapita, Mama."

"Sijasema nimekusamehe."

"Najua."

Jumatatu, 4 Mei

Baba yuko kwa Refa kila siku, asubuhi hadi jioni. Hasemi nami isipokuwa "nipishe" na "chumvi."

Jumamosi, 9 Mei

Mvua zinapungua. Nilikwenda kuona plasta, imekauka, haina ukungu. Mkunga alinifungulia mlango, akanionyesha ukuta kama anamwonyesha mgeni.

Alhamisi, 14 Mei

Baba amesema sentensi nzima. Refa amekubali kuwa ilikuwa penalti. Baba anasema amekubali kwa sababu amechoka, kwa hiyo haihesabiki.

Jumatano, 20 Mei

Refa amefariki jana alasiri. Baba alikuwa kwenye kigoda.

Jumamosi, 23 Mei

Tumezika Alhamisi. Watu wengi, hata wachezaji wa zamani, wazee wenye fimbo, mmoja akisema marehemu alimnyima bao halali na bado hajalisahau, watu wakacheka na kulia.

Leo Baba alikuja kukaa karibu yangu uani. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nikamwambia, "Baba, siku zile haziwezi kurudi. Ningekuwa na uwezo..."

"Huna," akasema. "Tangu ile siku ya bisibisi mpaka ulipokuja kusema, ni siku arobaini na nne. Kama nisingejidharau ningekwenda hata kabla yako. Hizo thelathini na tatu tugawane, na mimi nilikuwa mjinga. Lakini zile kumi na moja ni zako peke yako. Sitakusaidia kuzibeba."

Kisha akasema mikono yake inatetemeka kweli, hilo nisidhani halikuwepo. Kukaza hawezi tena. Kusikiliza anaweza.

Jumapili, 31 Mei

Wiki nzima napita nyumba hadi nyumba. Niliandika orodha ya kila mahali nilipowahi kusema "mikono," na kila mahali alipopita Mkunga. Zimefika ishirini na mbili.

Nilidhani ya kwanza ndiyo itakuwa ngumu. Hapana, zote ni ngumu. Mwenye duka la dawa alinisikiliza huku anahudumia wateja, ikabidi niseme kwa sauti kubwa. Mwalimu mkuu aliona aibu kuliko mimi, akawa anatazama kalenda. Kiwandani msimamizi hakuelewa nimekuja kufanya nini, akauliza, "Kwani kuna bomba limepasuka?" Na mama wa nyumba ya ghorofa alinimiminia maji ya kunywa, akaniambia kwa upole, "Sisi hatukuamini hata siku ile, mwanangu. Tulinyamaza tu tukuone." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilimaliza maji nikiangalia chini ya glasi.

Baba huja nami. Haingii. Anasimama langoni, mikono nyuma, anasalimiana na wapita njia, na nikitoka anaanza kutembea bila kuuliza nimesema nini. Sijamwomba aje na sijui anakuja kwa ajili yangu au kuhakikisha nimefika.

Leo, tulipotoka kwa seremala, jua lilikuwa kali na barabara imekauka hata vumbi limeanza. Nilikaa kwenye jiwe nikavua kiatu, kisigino kimechubuka. Baba alisimama akaningoja.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Vaa kiatu," akasema. "Ya kwanza ni ya yule muuza vitabu, na yeye Jumapili hufunga mapema."